Mkwe Mwenye Adabu

Siku ya tatu ya msiba wa mke wangu, shemeji yangu Lechipya alisimama mbele ya waombolezaji akanisifu. Alikuwa amekunywa uji tu, pombe ilikuwa bado haijatolewa, kwa hiyo siwezi kusingizia ulevi. Alisema vijana wa leo wanaingia kwa wakwe zao kama wanaingia dukani, wanamkazia mama mkwe macho na kumwomba chumvi mkononi, lakini huyu mzee mnayemwona kwenye kigoda pale, siku mama yetu alipokuwa akikata roho, alifika mlangoni na dawa yake, akaitwa aingie, akakataa kwa heshima. Huyo, akasema, ndiye mkwe. Wazee wakaitikia, wanawake wakatikisa vichwa, na kijana mmoja aliyekuwa karibu nami akanitandikia mkeka miguuni ili nikae vizuri zaidi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nimeisikia sifa hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini, harusini na misibani, na kila mara nimeinamisha kichwa kama mtu anayeona haya kusifiwa. Haya nilikuwa nayo kweli, ila si ya namna waliyoidhani. Sasa mke wangu, Mama Yona, amezikwa, na sioni tena ninamfichia nani.

Habari za baba yangu na ng'ombe wake naziacha, hazina kosa lolote katika jambo hili. Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule reli ilipofika Dodoma, wakati wa Wadachi, na mimi nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimeoa mwaka huo huo, najua kusoma na kuandika kidogo kwa sababu ya shule ya misheni, na kichwa kimevimba kuliko elimu yenyewe. Wajenzi wa reli walikuwa na hospitali yao, kama ilistahili kuitwa hivyo: banda la mabati lenye vyumba viwili, kimoja cha kulaza wagonjwa na kimoja cha kufungia vidonda. Mchana mabati yalilia kwa joto mpaka ukadhani mtu anatembea juu. Chumba cha vidonda kilikuwa na meza moja ndefu, jiko la mkaa, sufuria tatu za kuchemshia, na msumari mkubwa ukutani. Msumari huo ulikuwa wa kutundikia chupa. Nitaisema chupa hiyo sana, kwa hiyo nieleze sasa: ilikuwa ya kioo kinene, imetobolewa chini, na kwenye tundu hilo ulichomekwa mpira mrefu wenye sindano nene mwishoni.

Tulikuwa watu watatu wa kazi. Wa kwanza ni daktari mwenyewe, Mdachi mwembamba tuliyemwita Bwana Mganga, mwenye Kiswahili cha kukatakata na hasira za haraka zilizopoa haraka. Wa pili ni Hamisi, Mrangi wa Kolo, mtu mzima, mpole, aliyekuwa ameanza na Bwana Mganga tangu kambi za nyuma huko. Hamisi hakujua kusoma herufi za Kizungu. Alisoma Kurani yake alfajiri, akapika wali wetu mchana, na akaongea na wagonjwa kwa sauti ya chini mpaka wakalala. Wa tatu ni mimi. Na kwa sababu mimi nilisoma maandishi ya kwenye chupa za dawa na yeye hakuweza, nilijiweka juu yake moyoni, ingawa kazini yeye ndiye aliyekuwa juu yangu. Tulikula sinia moja. Alinisogezea nyama upande wangu, nami nikaila nikidhani ni haki yangu.

Siku niliyoiona chupa ikifanya kazi mara ya kwanza, waliletwa watu wanne wamembeba Mnyamwezi mmoja kwenye ubao. Toroli la mawe lilikuwa limempita mguuni. Alikuwa hai, lakini hakuwa na rangi. Midomo ilikuwa kama majivu, jasho linamtoka huku mwili ni wa baridi, anapiga miayo, anageuza kichwa huku na huku na kuomba maji. Bwana Mganga alinishika vidole akaviweka kwenye kifundo cha mkono wa yule mtu ili nisikie mapigo. Yalikuwa mepesi na ya haraka, ukibonyeza kidogo yanapotea. Wenzake waliombeba walikuwa wamesimama dirishani, nikawasikia wakijadiliana nani atapeleka habari kwao Tabora. Mmoja alisema msimpe maji, maji yanafuata damu, akinywa tu yote itamwagika. Hata kwetu Ugogo tuliamini hivyo hivyo, kwamba aliyejeruhiwa akinywa maji amekwisha. Basi nikashangaa Bwana Mganga alipokwisha kuukaza mguu kwa kamba na kuifunga mishipa, akamwambia Hamisi alete maji.

Hamisi alikuwa na maji yaliyochemshwa na kuchujwa kwa kitambaa. Alifungua kisanduku kidogo kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akatoa kikaratasi kilichokunjwa, akamimina unga mweupe ndani ya maji, akakoroga, akatumbukiza kiwiko kupima joto. Ilikuwa chumvi. Wakajaza chupa, wakaitundika msumarini, na Bwana Mganga akachoma sindano chini ya ngozi ya paja lililo zima. Maji yakashuka taratibu, paja likavimba kama limeota kibuyu, na Hamisi akakaa analikanda kwa kiganja, anakanda na kuzungumza, mpaka uvimbe ukapungua na chupa ikajazwa tena. Alipoweza kumeza, walimpa na ya kunywa, ya vuguvugu yenye chumvi, kijiko kwa kijiko. Kabla jua halijashuka yule Mnyamwezi alifumbua macho akaomba tumbaku. Waliokuwa dirishani walicheka mpaka mmoja akalia. Nikamuuliza Bwana Mganga, ni maji tu? Akanijibu kwa Kiswahili chake: damu imetoka, mfereji mtupu, moyo unapiga lakini hakuna kitu cha kusukuma, tia maji, moyo unapata kazi. Sijapata kuelezwa vizuri zaidi tangu hapo, na nimeelezwa na wengi.

Katika miezi iliyofuata nilijifunza karibu kila kitu cha chupa ile. Nilijua kuichemsha na mpira wake, kuondoa hewa kwenye mpira, kuchoma sindano kwa mlalo ili isiingie nyamani sana, kuinua chupa maji yakienda polepole na kuishusha yakienda haraka. Watu wanne au watano Bwana Mganga aliniachia niwachome mwenyewe, na walipona, isipokuwa mmoja. Kitu kimoja tu sikukijua, nacho ni kipimo cha chumvi. Bwana Mganga na Hamisi waliipima pamoja kwa mizani ndogo, wakaifunga kwenye vikaratasi, kikaratasi kimoja kwa chupa moja, wakavifungia. Siku moja kikaratasi kilipasuka na Bwana Mganga akamwaga chupa nzima nje kwa sababu hakuwa na uhakika imeingia kiasi gani. Alisema ikizidi inaunguza nyama, ikipungua inaharibu damu iliyobaki. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeuliza, basi kipimo ni kipi? Nilikuwa nimekaa na Hamisi kila siku kwenye sinia moja. Ningemwuliza kati ya tonge na tonge. Sikumwuliza, kwa sababu kumwuliza kungekuwa kukiri kwamba yeye asiyesoma anajua na mimi ninayesoma sijui. Ndivyo nilivyokuwa.

Nyumbani kwa wakwe zangu Miyuji, mwendo wa saa moja na zaidi kwa mguu kutoka kambini, nilizungumza lugha nyingine kabisa. Mke wangu, ambaye wakati ule alikuwa bado akiitwa kwa jina lake, Mbeleje, alikuwa akienda kwao mara kwa mara kusaidia shamba, nami Jumapili nilimfuata. Mimi na mama mkwe wangu, kama ilivyo desturi yetu, hatukuonana. Nikija na yeye yuko uani, aliingia ndani. Tukikutana njiani, aliacha njia akasimama amenipa mgongo mpaka nipite. Kwa mwaka mzima sikupata kuuona uso wake sawasawa. Nilimjua kwa sauti na kwa chakula. Nilikaa nje na wanaume, ukutani mwa tembe, na kutoka ndani ukaletwa ugali wa uwele umefinyangwa vizuri, mlenda, na maziwa ya mgando katika kibuyu ambacho kila mara kilikuwa kikubwa kuliko vya wengine. Baba mkwe alilalamika kwa utani kwamba tangu mkwe apatikane, yeye anakunywa maji ya kuoshea kibuyu.

Hapo ndipo nilipojimwaga. Nilisema mimi ndiye ninayetia maji wafu wakaamka. Sikusema sisi, nilisema mimi. Nilisema Bwana Mganga mwenyewe siku hizi anakaa pembeni ananitazama. Hamisi katika hadithi zangu alikuwa mpishi. Lechipya, aliyekuwa kijana mwenzangu, alisikiliza mdomo wazi na kwenda kuyarudia kisimani. Na siku moja, nikiwa katikati ya majigambo hayo, nikasikia kicheko cha mama mkwe nyuma ya ukuta, kisha sauti yake akimwambia Mbeleje kwa namna ya kutaka nisikie: "Mwambie mkwe wangu, siku yangu ikifika asiniache. Na mimi anitie." Wote tulicheka. Nikajibu kupitia kwa Mbeleje kwamba mama asihofu, chupa yake nimekwisha kuitenga.

Ilikuwa kiangazi kirefu, visima vya mchangani mtoni vimekuwa virefu mpaka mtu anasimama ndani akipokeza maji kwa aliye juu. Bwana Mganga na Hamisi walikuwa wameitwa mbele kwenye kambi ya wachimba udongo, kifusi kilikuwa kimeangukia watu, na niliachiwa banda na wagonjwa wachache wasio na hatari. Asubuhi ya siku ya pili Lechipya alinijia mbio, mavumbi mpaka kwenye kope. Ng'ombe walikuwa wakigombania maji, dume mmoja akatupa pembe, na pembe imemwingia mama pajani, juu karibu na nyonga. Damu imetoka nyingi, mchanga umekuwa tope. Wamemkaza kwa kaniki na ukanda wa ngozi, damu imesimama, lakini mama amekuwa wa baridi. "Twende na ile chupa," akasema. Hakusema tafadhali, hakuwa na sababu ya kusema. Aliamini nimekwisha kuwa tayari.

Nilichukua chupa, mpira na sindano, nikavifunga kwenye kitambaa safi. Kisha nikakitazama kisanduku cha chumvi. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Hamisi, huko mbele kwenye kifusi. Kufuli lenyewe lilikuwa la kitoto, pigo moja la nyundo lingelimaliza, na nyundo ilikuwa chini ya meza. Nilifikiria kiboko cha Bwana Mganga, nikafikiria Lechipya amesimama mlangoni ananiona mimi, mkuu wa chupa, sina ufunguo wa sanduku la chumvi. Nikajiambia chumvi ni chumvi, hata Miyuji ipo. Tukaondoka. Njia nzima Lechipya alikimbia mbele na kurudi nyuma kunihimiza, nami nikijaribu kukumbuka ukubwa wa kile kikaratasi kilipokunjwa, na kama unga wake ulifunika kiganja cha Hamisi au nusu ya kiganja.

Tulifika jua likiwa utosini. Wanaume walikuwa nje, na waliponiona walisimama wote, hata baba mkwe. Mama mkwe alilazwa chumba cha ndani, kichwani kwake amekaa dada yake mkubwa, ambaye wote tulimwita mama mkubwa, mwanamke wa maneno machache ambaye hakuna aliyembishia. Kupitia ule uwazi wa mlango niliona miguu tu, nyayo zimegeukia nje, na mkono wa Mbeleje umezishika kuzipasha joto. Nikaagiza maji yachemshwe. Agizo hilo nilitoa kwa sauti ya Bwana Mganga hasa. Yakachemshwa, yakachujwa, yakapozwa. Nikaagiza chumvi, wakaniletea bonge la chumvi yetu ya nchi, ile inayokwanguliwa mbugani na kuchujwa, ya kijivu, chungu kidogo mwishoni. Nikaliparua kwa kisu. Nikatia kidogo. Nikaongeza. Nikasimama na kisu mkononi, na watu wote wananitazama, nikajua sijui.

Naomba nieleweke hapa. Kutojua hakukuwa dhambi. Kumchoma mtu maji nisiyojua nguvu yake kungeweza kumwua, na kama ningewageukia wale watu nikasema jamani, kipimo sikijui, kinajulikana na Hamisi, hilo lingekuwa neno la kweli na labda tungefikiri pamoja. Neno hilo lilifika mpaka kwenye meno. Halafu nikamwona Lechipya anavyonitazama, nikakumbuka Jumapili zote zile, na badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Sindano inachomwa pajani. Na mimi ni mkwe."

Baba mkwe aliinamisha kichwa, akakubali kwamba ni neno zito. Mbeleje akatoka, kaniki yake ina damu, akanisogelea karibu. Alisema, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeomba aonyeshwe kazi, "Nifundishe basi. Niambie nitakavyoshika, nitafanya mimi." Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko yangu. Nilimwambia hii si kazi ya kufundishana mlangoni, watu wanaisomea. Akanitazama kidogo akarudi ndani. Ndipo tukasikia sauti ya mama mkwe, nyembamba, imekauka, lakini maneno yanaeleweka: "Mwambieni aingie. Nimemruhusu mimi mwenyewe. Aingie."

Mama mkubwa naye akasema kutoka ndani kwamba kama mwenyewe amesema, hakuna wa kuzuia. Mlango ukawa wazi kabisa kwangu. Nikasimama pale na chupa yangu, nikasema kwa sauti kubwa ili wa ndani na wa nje wote wasikie: "Siwezi kumvunjia mama heshima." Nikasikia wanaume nyuma yangu wakiguna kwa namna ya kukubali. Mzee mmoja akanishika bega. Hakuna mtu katika ua ule aliyenishuku, na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya hofu yangu nilisikia utamu kidogo wa kushikwa bega lile.

Kama ningeishia hapo, labda ningekuwa mwoga tu. Lakini Mbeleje alitoka tena, safari hii ana kata ya maji mkononi. Mama yake alikuwa akilia kiu. Tulimsikia sote, alikuwa akisema maji, maji, kama mtoto, na mama mkubwa akimjibu kwa upole kwamba asubiri, maji yanafuata damu, atakunywa akipata nguvu. Mbeleje akanijia mpaka karibu tuguse vipaji vya nyuso, asitake wengine wasikie. "Mama mkubwa amekataza," akasema. "Wewe uliyekaa hospitali unasemaje? Nimpe?"

Jibu nililijua. Nililiona kwa macho yangu wiki baada ya wiki, vijiko vya maji ya vuguvugu yenye chumvi kwenye midomo ya watu wenye damu kidogo kuliko ya mama yule. Maji yenyewe yalikuwa pale chini miguuni pangu, chumvi imo, na kwa kunywa kipimo hakina ukali wa kwenye sindano. Hakuhitaji kuingia mtu, hakuhitaji kuvuliwa nguo mtu. Nilihitaji kusema ndiyo. Lakini niliwaza kwamba nikisema ndiyo, itabidi nibishane na mama mkubwa; nikibishana na nikashinda, kisha mama akafa baada ya kunywa, watasema mkwe ndiye aliyemwua. Na tena wataniuliza, kama alijua la kusema, mbona chupa imekaa tu? Nikamwambia mke wangu, "Fuata wanavyosema wakubwa."

Akabaki ameshika kata ile kitambo. Kisha akaimimina taratibu chini ukutani, mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote cha kunyweshwa, akaingia ndani.

Mama mkwe wangu alikufa mchana ule ule, kabla ng'ombe hawajarudi. Kuelekea mwisho aliacha kuomba maji, akaanza kupumua kwa nguvu na kuulizia watu ambao hawakuwapo. Sisemi angepona. Nimeona wengi tangu siku hiyo, wengine tuliwatia chupa tatu na wakaenda vile vile. Ninachosema ni kwamba alikufa na kiu mbele ya sufuria ya maji niliyoyachemsha mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa na neno la kumnywesha. Kilio kilipoanza niliyamwaga maji hayo nyuma ya zizi, nikaifunga chupa kwenye kitambaa chake, nikarudi kukaa na wanaume. Baba mkwe alinipa mkono. Alisema nimemzika mkewe na heshima yake yote.

Hamisi alirudi siku nne baadaye, amekonda kwa kazi ya kifusi. Tulipokaa kwenye sinia nilimwuliza kipimo, kama mtu anayeuliza habari ya mvua. Akanijibu hapo hapo, huku akitafuna: kijiko kidogo cha chai na nusu yake, kilichopanguswa juu, kwa kila lita moja. Na kama kijiko huna, onja. Ikiwa na ukali wa machozi yako mwenyewe, basi imetosha kwa shida, mpaka upate mizani. "Mbona hukuniuliza siku zote hizo?" akasema. "Nilidhani unajua, wewe msomi." Hakukusudia kuniumiza. Habari za Miyuji alikuwa amezisikia, alinipa pole ya mama mkwe, na wala hakuniuliza chupa ilitoka hospitali kwa ruhusa ya nani. Nilikula wali ule wote. Nakumbuka hilo kwa sababu nilishangaa kwamba unapita kooni.

Nilibaki katika kazi hiyo. Wadachi wakaondoka, Waingereza wakaja, nikaitwa dresa, msaidizi wa daktari, nikavaa kaptula nyeupe, nikafundisha vijana. Kila kijana aliyenijia siku ya kwanza nilimpa kipimo kabla sijampa kazi yoyote, nikamwonjesha, na walicheka kwamba mzee huyu ana wazimu wa chumvi. Watu waliniona mwalimu mwema. Huko nyumbani, Mbeleje akawa Mama Yona, akazaa, akabatizwa, akazeeka. Alikuwa na tabia moja iliyojulikana mtaa mzima: hakuna aliyepita mlangoni kwake bila kupewa maji. Wauza kuni, watoto wa watu, askari, hata mlevi. Akikuona tu umesimama, kata imekwisha kuja. Wageni walimsifu kwa ukarimu, na mimi nikaitikia kwamba ndivyo alivyozaliwa. Miaka arobaini na zaidi nililala karibu na mtu huyo na sikupata kujiuliza ukarimu ule ulianza lini.

Wiki moja kabla hajatutoka, alasiri, watoto wamekwenda kwenye shughuli zao, aliniomba nikae kitandani kwake. Ugonjwa ulikuwa umemwacha na sauti ndogo. Alizungumza mengi ya kawaida, kuku wapewe nani, kanga ipi iende kwa binti yupi. Kisha akasema: "Baba Yona, ile kata ya maji. Nilikuwa nayo mkononi. Ningempa mama, angepona?"

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yetu kuitaja siku ile. Nikaelewa mara moja kwamba mzigo wangu alikuwa ameubeba yeye, tangu alipoimimina kata ile ukutani, na kwamba mbele ya watu wote mimi nilisifiwa na yeye peke yake akajihukumu. Ningeweza kumtua kwa kweli. Ningesema, Mbeleje, uliniuliza na nilijua, wewe huna kosa, kosa ni langu. Maneno ni hayo tu, hata pumzi mbili hayachukui. Naye alikuwa amegeuza uso kunitazama, anasubiri, na nadhani angenisamehe.

Nikamwambia, "Hapana, Mama Yona. Hata ungempa mtungi mzima. Hakuna ambacho kingemsaidia siku ile."

Alifumba macho, akashusha pumzi ndefu. "Ahsante," akasema. "Miaka yote hii nilidhani ni mimi."

Nikamfunika shuka miguuni.